Hadithi Fupi za Ashiki na Msomaji Mtu Mzima: Uchambuzi wa Delta of Venus ya Anaïs Nin

Miongoni mwa maandishi yanayosomwa na wengi na kuhakikiwa na wachache, hadithi fupi za ashiki zashika nafasi ya mbele. Vitabu vinavyokusanya hadithi hizo hununuliwa, huazimwa, husomwa faraghani na kufichwa chini ya mto. Lakini vitajwapo mbele ya wataalamu wa fasihi, aghalabu hukabiliwa na mojawapo ya majibu mawili. Jibu la kwanza ni la mlinzi wa maadili, asemaye kuwa maandishi ya namna hiyo ni uchafu na hayastahili kuitwa fasihi. Jibu la pili ni la yule ajionaye mjuzi wa mambo ya dunia, asemaye kuwa watu huyasoma kwa sababu ya matamanio ya mwili tu, na kwa hiyo hamna ndani yake jambo la kuchambuliwa. Majibu haya, ingawa yaonekana kupingana, yana mzizi mmoja. Yote mawili huchukulia kwamba mvuto wa hadithi hizi umo katika jambo linalosimuliwa, wala haumo katika namna jambo hilo linavyosimuliwa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ina kasoro, na kwamba kasoro hiyo ina gharama kwa fasihi na kwa wasomaji. Kitabu kilichochaguliwa kuwa mfano ni Delta of Venus cha Anaïs Nin, mkusanyiko wa hadithi kumi na tano. Kimechaguliwa kwa sababu historia ya kuandikwa kwake yenyewe ni mgogoro wa kihakiki: alikuwapo mnunuzi aliyetaka jambo bila ya namna, na alikuwapo mwandishi aliyejua kwamba namna ndiyo roho ya jambo. Kila ukurasa wa kitabu hicho umebeba alama za ugomvi huo.

Asili ya kitabu

Anaïs Nin alizaliwa mwaka 1903 huko Neuilly, karibu na Paris, akafariki dunia mjini Los Angeles mwezi Januari mwaka 1977. Kwa muda mrefu alijulikana zaidi kwa shajara zake, ambazo zilianza kuchapishwa mwaka 1966. Delta of Venus ilitolewa mwaka uleule wa 1977, baada ya kufa kwake, na mkusanyiko wa pili, Little Birds, ukafuata mwaka 1979. Hata hivyo, hadithi hizi si za miaka ya sabini. Ziliandikwa mjini New York mwanzoni mwa miaka ya arobaini, kwa oda ya mtu mmoja.

Kama anavyoeleza Nin katika sehemu za shajara zilizowekwa mwanzoni mwa kitabu, mkusanyaji mmoja wa vitabu alimwendea kwanza mwandishi Henry Miller na kumwahidi dola mia moja kila mwezi ili amwandikie hadithi za ashiki. Miller alipochoka, kazi hiyo ikamwangukia Nin, kwa malipo ya dola moja kwa ukurasa. Mnunuzi hakujitokeza, maagizo yake yalifika kwa mdomo wa wengine na kwa simu. Nin na marafiki zake, wengi wao washairi wasiokuwa na kitu, waliandika kwa sababu kodi ya nyumba na deni la daktari havingojei ilhamu.

Yafaa ikumbukwe pia hali ya sheria katika Marekani ya wakati huo. Tangu mwaka 1873 sheria iliyojulikana kwa jina la Comstock ilikuwa imeharamisha kutuma kwa posta maandishi yaliyohesabiwa kuwa machafu. Riwaya ya Miller, Tropic of Cancer, iliyopigwa chapa Paris mwaka 1934, haikutolewa na mchapishaji wa Marekani hadi mwaka 1961, na mabishano yake mahakamani hayakwisha mpaka Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipotoa uamuzi mwaka 1964. Kwa hiyo karatasi alizopiga taipu Nin hazikuwa na soko la wazi, mhariri wala mhakiki. Zilikuwa na mnunuzi tu. Na mnunuzi huyo alikuwa na amri moja aliyoirudia: mwandishi apunguze ushairi na azingatie tendo.

Jibu la Nin kwa amri hiyo ni sehemu ya kitabu yenye thamani kubwa kwa mhakiki. Katika barua aliyomwandikia mkusanyaji, anadai kwamba ashiki ikitengwa na hisia, na wivu, na kicheko, na machozi, na maneno yanayosemwa kabla yake na baada yake, hupoteza nguvu zake na kugeuka kuwa kazi ya mashine. Dai hili si la kimaadili. Nin hasemi kwamba mkusanyaji anatenda dhambi. Anasema kwamba mkusanyaji anajiharibia raha yake mwenyewe. Ni dai la fani, na linaweza kupimwa kwa kuzitazama hadithi zenyewe.

Ufupi na uhuru wa msomaji

Jambo la kwanza linalomvuta msomaji mtu mzima katika mkusanyiko wa namna hii ni ufupi. Edgar Allan Poe alikwisha kueleza mwaka 1842 kwamba hadithi fupi hupata nguvu zake kwa kusomwa katika kikao kimoja, bila ya shughuli za dunia kuukata mkondo wa athari yake. Rai hiyo yaihusu ashiki kuliko mambo mengine mengi, kwa kuwa ashiki nayo ni hali isiyovumilia kukatizwa. Lakini ufupi una kazi nyingine kubwa zaidi, nayo ni kuihusu hatima.

Riwaya ni utanzu wa matokeo. Mapenzi yakiingia katika riwaya sharti yazae kitu: ndoa, mimba, fedheha, kifo au toba. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, mwili wa Rosa hauwezi kutajwa bila ya kudaiwa gharama, na gharama hiyo mwisho ni uhai wake. Hiyo si kasoro ya riwaya ile; ndiyo dhamira yake, na mwandishi aliitimiza kwa ujasiri uliomletea lawama nyingi. Lakini msomaji mtu mzima, ambaye ana mume au mke, ana watoto, ana deni, na anajua fika kuwa kila tendo lina matokeo, huenda asihitaji kukumbushwa hilo kila afunguapo kitabu. Hadithi fupi humpa kitu ambacho riwaya haiwezi kumpa: tamaa isiyofikishwa mahakamani. Hadithi huanza pale tamaa inapoanza na huisha kabla hukumu haijafika.

Nin mwenyewe aonekana kulijua jambo hili. Katika "Elena", hadithi iliyo ndefu kuliko nyenzake kitabuni, mhusika mkuu anasafiri kwa treni kwenda Montreux huku akisoma Lady Chatterley's Lover ya D. H. Lawrence. Msomaji wa Nin anamtazama msomaji wa Lawrence. Riwaya iliyo mikononi mwa Elena inamwamsha, lakini haimwambii la kutenda na maisha yake. Hilo analitafuta nje ya kitabu, kwa mtu anayekutana naye. Hapa mwandishi amechora picha ya kazi ya maandishi ya ashiki kwa mtu mzima: si kumfundisha asichokijua, bali kumrudishia anachokijua na alichokuwa amekisahau.

Mkusanyiko nao, ukilinganishwa na hadithi moja pekee, huongeza uhuru mwingine. Msomaji aweza kuruka. Hadithi isiyomfaa huipita bila ya kupoteza uzi wa kitabu, na ile inayomgusa huirudia. Katika jambo ambalo watu hutofautiana sana na huoneana haya sana, uhuru wa kuchagua bila ya kuulizwa sababu si jambo dogo. Muundo huu una nasaba ndefu. Alfu Lela Ulela, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa tafsiri tangu enzi za ukoloni, ni mkusanyiko wa visa ambamo mwanamke mmoja anauokoa uhai wake kwa kuikata hadithi kila kukicha. Shahrazad alijua kwamba hamu huishi kwa kuahirishwa. Mkusanyaji wa New York, kwa kutaka kila ukurasa umfikishe kileleni, alikuwa akiikata shingo ya hadithi aliyoilipia.

Mtazamaji na mtazamwa

Mvuto wa pili ni wa mahali anapowekwa msomaji. Inadhaniwa kwamba hadithi ya ashiki humweka msomaji dirishani, akichungulia, salama. Hadithi bora za Nin hazimwachi katika usalama huo. Mfano ulio wazi ni "The Veiled Woman", yaani mwanamke wa utaji. Mwanamume aitwaye George anamkuta baani bwana mmoja nadhifu, ambaye anamweleza habari za mwanamke asiyetaka kuonana na mtu ila mara moja tu, na asiyejulikana. George analipa, anapelekwa kwenye nyumba ya fahari yenye vioo, anapata alichokilipia, na anaondoka akijiona mteule. Baada ya muda anamsikia rafiki yake akisimulia jinsi alivyotoa fedha ili, akiwa mafichoni, amwangalie mwanamke wa utaji akiwa na mwanamume. Hapo ndipo George anapong'amua kwamba siku ile yeye hakuwa mnunuzi tu. Alikuwa bidhaa.

Hadithi hii fupi imebeba nadharia nzima ya usomaji. Msomaji aliyekuwa amemfuata George kwa macho ghafla hujikuta katika kiti cha yule aliyelipa ili atazame. Na kwa kuwa amekwisha kuonyeshwa kwamba anayetazama naye aweza kuwa anatazamwa, faraja ya dirisha humtoka. Ni vigumu kuamini kwamba mwandishi aliyekuwa akiuza kurasa kwa mtu asiyeonekana hakumkusudia mtu huyo. Kwa dola moja kwa ukurasa, mkusanyaji aliuziwa kioo.

Jambo hilohilo latokea kwa njia nyingine katika "Marianne". Msimulizi wa hadithi hiyo anaendesha biashara ya kuandika kurasa za ashiki, na Marianne ni mchoraji anayejipatia riziki kwa kuzipiga taipu kurasa hizo. Siku moja, pamoja na kazi ya watu, Marianne anaandika kisa chake mwenyewe: mapenzi yake kwa kijana ambaye raha yake yote ni kutazamwa. Marianne anataka kupendwa. Kijana anataka macho tu. Masikitiko ya hadithi yamo katika pengo hilo, si katika tendo lolote. Lakini lenye maana zaidi kwa makala haya ni fremu ya hadithi. Mpiga taipu, yaani msomaji wa kwanza wa maandishi ya kulipiwa, hakuishia kusisimkwa. Aliyasoma ya wengine mpaka akapata ulimi wa kuyasema yake.

Lugha: ugomvi wa ushairi

Mvuto wa tatu, na ulio mkubwa, ni wa lugha. Katika maneno ya mwisho aliyoyaandika kwa ajili ya kitabu mwaka 1976, Nin anakiri kwamba alipokuwa akiandika hadithi hizi alidhani anafuata nyayo za wanaume, kwa kuwa wanaume peke yao ndio waliokuwa wameiandika ashiki, na kwamba kwa sababu hiyo alikuwa amezidharau. Alipozisoma tena baada ya miaka mingi, aliiona sauti yake mwenyewe ikichomoza katika sehemu nyingi, ikiitazama ashiki kwa jicho la mwanamke. Ndipo akaridhia zichapishwe.

Sauti hiyo yaweza kuonyeshwa. Mahali mkusanyaji alipotaka kiungo, Nin aghalabu huweka kitambaa, harufu, namna ya kutembea, mwanga wa dirisha, kimya cha chumba. Maelezo hayo si mapambo. Ndiyo yanayomtofautisha mhusika mmoja na mwingine. Kwa maana miili, ikiondolewa historia na mazingira yake, hufanana, na mambo yanayofanana huchosha upesi. Hapa ndipo hoja ya Nin inapothibitika ndani ya kitabu chenyewe. Kurasa ambazo mwandishi amemtii mnunuzi ndizo zinazomchosha msomaji. Tendo hufuata tendo, majina hubadilika na hali hazibadiliki. Kurasa ambazo amemwasi ndizo zinazokumbukwa.

Haifai, kwa hiyo, kukisifu kitabu chote kwa pamoja. Penye bei ya ukurasa, urefu hulipwa kuliko uzito, na mengi katika mkusanyiko huu ni urefu. Pana pia kasoro zilizo nzito kuliko uchovu. Hadithi ya kwanza, "The Hungarian Adventurer", inamfuata baroni mmoja laghai ambaye mwishowe anawadhulumu hata watoto wa damu yake. Na ingawa watoto hao wanamkimbia, usimulizi hauachi wepesi wake kwa kiasi kinachostahili uovu huo. Hilo si suala la haya, ni suala la ukweli wa kisanaa: mwandishi amelibeba jambo la dhuluma kwa sauti ya mchezo, na msomaji mtu mzima ana haki ya kukataa kulibeba pamoja naye. Katika "Mathilde" nao mji wa Lima umegeuzwa kuwa nchi ya kasumba na vitanda, usio na soko, shule wala historia. Watu wa mbali wameletwa kuwa viungo vya mchuzi wa mgeni. Mhakiki wa Afrika, ambaye bara lake limetumiwa hivyo mara nyingi, hana budi kulitambua jambo hili mara moja.

Baada ya mwaka 1977

Mafanikio ya Delta of Venus yalifungua njia kwa mikusanyiko ya waandishi wengi. Mwaka 1984 Lonnie Barbach alihariri Pleasures, kitabu cha masimulizi ya ashiki yaliyoandikwa na wanawake. Mwaka 1988 Susie Bright alitoa Herotica, na tangu mwaka 1993 akahariri mfululizo wa Best American Erotica. Mabadiliko makubwa katika vitabu hivi si ya ujasiri wa maneno, bali ya idadi ya sauti. Katika mkusanyiko wa mwandishi mmoja, tamaa ina sura nyingi lakini jicho ni moja. Katika mkusanyiko wa waandishi wengi, hakuna hadithi inayoweza kujifanya kuwa sheria. Jirani yake huipinga. Msomaji aliyedhani kwamba yeye peke yake ndiye wa namna yake hupata wenziwe, na aliyedhani kwamba watu wote ni wa namna yake husahihishwa.

Wakati huohuo hoja ya Nin ilipata nguvu kutoka kwa mshairi Audre Lorde. Katika mhadhara wake wa mwaka 1978, Lorde alitenganisha ashiki na ponografia: ya kwanza ni nguvu inayotokana na kuhisi kwa ukamilifu, ya pili ni msisimko uliokatwa mbali na hisia. Kwa kipimo hicho, kinachotenganisha maandishi hayo mawili si kiasi cha nguo zilizovuliwa. Ni kama mhusika aliyevuliwa nguo amebaki kuwa mtu.

Suala la Kiswahili

Ugomvi wa Nin na mkusanyaji kuhusu ushairi wawahusu wataalamu wa Kiswahili kwa karibu kuliko unavyodhaniwa. Na achukuliwe mfasiri anayetaka kuuleta ukurasa mmoja wa "Elena" katika Kiswahili. Mbele yake zipo akiba tatu za maneno. Ya kwanza ni ya zahanati na darasa la baiolojia: maneno safi, baridi, yasiyomtamanisha mtu. Ya pili ni ya matusi ya mtaani: maneno yenye moto, lakini moto wake ni wa kudhalilisha, na aghalabu mwanamke ndiye anayeungua. Ya tatu ni ya tafsida za heshima, kama kukutana kimwili au tendo la ndoa, ambazo husema kwamba jambo limetukia kisha zikafunga mlango. Mfasiri akizitazama akiba hizi peke yake atasema kwamba Kiswahili hakina lugha ya ashiki, na wako wanaosema hivyo.

Kauli hiyo si sahihi, kwa kuwa inaisahau akiba ya nne, iliyo kongwe na tajiri kuliko hizo zote, yaani fumbo. Katika unyago wa pwani na visiwani, mwari hufundishwa mambo ya mwili na kungwi kwa nyimbo fupi fupi, nyingi, zenye taswira za chakula, chombo, shamba na vyombo vya nyumbani, zinazoimbwa mbele ya walioruhusiwa tu. Marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki dunia mwezi Aprili mwaka 2013, alijulikana ulimwenguni kwa taarabu yake, lakini nyumbani alikuwa pia mtu wa unyago. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, unamwelekeza binti jinsi ya kujipamba na kumstarehesha mumewe, na husomwa madarasani bila ya mtu kuinamisha uso. Taarabu na leso zimeyasema kwa mafumbo mambo ambayo gazeti lisingeyachapa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua: methali hii ni nadharia kamili ya usomaji wa ashiki, kwa kuwa inamfanya msikilizaji kuwa mshiriki katika kuikamilisha maana. Ushairi ambao mkusanyaji wa New York aliuona kuwa kizuizi, Waswahili waliufanya kuwa njia.

Ikitazamwa hivyo, mkusanyiko wa hadithi fupi za ashiki si mgeni kabisa. Ufupi, wingi, mipaka ya umri, lugha ya taswira: sifa hizi nne zimo katika unyago. Ipo, hata hivyo, tofauti moja ambayo haifai kupuuzwa. Mwari husikiliza akiwa na somo wake kando, naye somo humweleza lipi ni mzaha, lipi ni onyo, na lipi ni haki yake. Msomaji wa kitabu yuko peke yake usiku. Hana wa kumwuliza. Lugha ya kitabu ndiyo somo wake wa pekee, na ikiwa lugha hiyo ni ile ya mkusanyaji, inayojua tendo na isiyomjua mtu, basi hilo ndilo fundisho atakalolibeba.

Historia ya karibuni ya Afrika ya Mashariki yaonyesha hatari ya kumwacha msomaji katika upweke huo. Mnamo miaka ya sabini vitabu vya David Maillu, kama My Dear Bottle wa mwaka 1973 na After 4.30 wa mwaka 1974, vilivyotolewa Nairobi na kampuni yake mwenyewe ya Comb Books, vilipata wasomaji wengi kupita vile vilivyosifiwa vyuoni. Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976. Wahakiki wengi wa Kenya nao wakavipiga marufuku ya aina yao, ile ya dharau. Swali la kwa nini watu wazima, makarani na walimu, walivikimbilia vitabu vile halikupewa uzito uliostahili. Miaka arobaini baadaye, mwaka 2014, kundi la waandishi la Jalada lenye makao yake Nairobi lilitoa mkusanyiko wa hadithi na mashairi ya ashiki uitwao Sext Me, ukathibitisha kwamba waandishi vijana wa bara hili wanaweza kuiandika tamaa kwa ufundi na kwa heshima. Sehemu yake kubwa iliandikwa kwa Kiingereza. Lugha yenye unyago, taarabu na leso ikabaki mlangoni, ikisikiliza.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mvuto wa mikusanyiko ya hadithi fupi za ashiki kwa msomaji mtu mzima una nguzo tatu: ufupi, unaompa tamaa isiyohukumiwa na uhuru wa kuchagua, mahali pa mtazamaji, ambapo msomaji hujiona alipodhani anawaona wengine, na lugha, ambayo huifanya tamaa iwe ya mtu fulani badala ya kuwa ya mwili wowote. Delta of Venus ni kitabu kilichogawanyika, kwa kuwa nguzo hizo zimesimama katika kurasa zilizomwasi mnunuzi na zimeanguka katika kurasa zilizomtii. Mgawanyiko huo ndio unaokifanya kiwe funzo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Methali hii haikukusudia kumvua mtu nguo barabarani; ilikusudia kusema kwamba kuna haya inayozuia uzima. Idara za Kiswahili zimekuwa na haya ya namna hiyo kwa muda mrefu, na matokeo yake si kwamba hadithi za ashiki zimekoma kusomwa. Zinasomwa, kwa Kiingereza kilichotafsiriwa vibaya kichwani au kwa Kiswahili cha matusi, na hakuna anayemwambia msomaji kwamba "The Veiled Woman" na kurasa za kuchosha zilizo kando yake si kitu kimoja. Mhakiki anyamazapo, kiti chake hakibaki kitupu. Hukikalia mkusanyaji, na dola yake mkononi.

Kazi inayofaa kuanza si kubwa kupita kiasi. Nyimbo za unyago, kwa idhini ya wenyewe na kwa kuheshimu mipaka yao, zichunguzwe kama fani na si kama mila tu. Mafumbo ya leso na ya taarabu yafundishwe pamoja na istiara nyingine. Na mwandishi wa Kiswahili atakayeleta mkusanyiko wa hadithi za watu wazima apimwe kwa kipimo kilekile anachopimiwa mwandishi yeyote: kama wahusika wake ni watu, na kama lugha yake imewastahi.